Mgeni wa Harar na Barua ya Uwongo

 

Waraka huu nauandika nikiwa Chita. Wengi wenu wa Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja hamwijui Chita, wala hilo si kosa. Ukitoka Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa waiacha mkono wa kulia, na bonde la mto Kilombero mkono wa kushoto, mpunga mtupu mpaka jicho lichoke. Hapo ndipo nilipo. Nilizaliwa Kilwa, nikasomeshwa chuoni kwa ubao na kalamu ya mti, na huku nililetwa na treni ya TAZARA nikiwa kijana, nikaambiwa nikae mwaka mmoja nisomeshe watoto. Mwaka huo haujaisha hata leo.

Waislamu tupo, tena si haba, lakini hapa si pwani. Jirani yangu wa kulia ni katekista, na wa kushoto ni fundi baiskeli asiyekosa kanisa. Nilipougua nikalazwa katika hospitali ya misheni, mtawa mmoja akaniuliza kibla kiko upande gani, akaita mtu wakageuza kitanda changu. Hakunitaka nijifanye Mkristo ndipo anihudumie. Jambo hili liweke akilini, maana nitalirudia.

Sasa sababu ya kuandika. Mfungo Sita uliopita tulikuwa na Maulidi. Watu wamo msikitini wanasali Alasiri, akaingia kijana wa Kizungu aliyekuja kutazama milima. Aliingia na viatu vyake vya tope, akasimama nyuma ya safu, akainua simu yake, akawapiga picha watu wamesujudu. Wajua, msomaji, mtu aliyesujudu anavyoonekana kwa nyuma. Tulipotoa salamu vijana wakamrukia. Simu ikachukuliwa, mgeni akatolewa nje kwa makelele, na mmoja katika vijana wetu, mjukuu wa dada yangu, akampiga kofi. Jioni ile ile wazee wakakubaliana uandikwe ubao wa kutundikwa mlangoni: asiye Mwislamu asikanyage hapa. Fundi akapewa rangi. Mimi wakanitaka niseme neno la sharia ili ubao upate nguvu. Nikaomba muda.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, akanijia na kitabu. Akasema, "Maalim, kabla hujatoa neno, msikilize kwanza huyu. Uone wageni hawa walianza lini." Kiingereza changu ni cha kuhesabia magunia, basi yeye akawa anasoma na kufasiri, kila usiku baada ya Maghribi, barazani kwangu, na watu wakazidi kujaa. Kwa hiyo uhakiki huu ni wa mtu aliyekisikia kitabu kwa masikio. Pengine ndiyo njia nzuri, kwa sababu uwongo hupita upesi kwenye karatasi, lakini ukisomwa kwa sauti mbele ya watu kumi hukwama kooni.

Kitabu ni cha Richard Burton, kilichochapwa London mwaka 1856, na jina lake First Footsteps in East Africa, yaani Nyayo za Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Niliposikia jina nilimsimamisha msomaji. Nyayo za kwanza! Karibu mwaka 615 wa Kizungu, Masahaba wa Mtume (S.A.W.) walivuka bahari wakaingia nchi hiyo hiyo ya Habash. Na hao walikuta watu, mji, mfalme na kanisa. Mwandishi anayejua Kiarabu kama alivyojua Burton hawezi kusema hakuisikia Hijra ya kwanza. Aliisikia, lakini nyayo zile hakuzihesabu kuwa nyayo.

Burton alikuwa ofisa katika jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi. Mwaka 1853 alikwisha kwenda Makka na Madina akijifanya Mwislamu wa Kipathani, akatufu na watu na huku anapima kwa hatua na kuandika kwa siri. Baada ya hapo akaitaka Harar. Harar ni mji wa Waislamu mashariki ya Habash, wenye ukuta uliojengwa zama za Amir Nur, karne ya kumi na sita, na milango mitano, na lugha yake wenyewe, na zamani hata sarafu yake. Ni mji wa wanavyuoni na makaburi ya mawalii. Yasemwa, na Burton mwenyewe kayaandika, kwamba watu wake waliamini kuwa siku atakapoingia mgeni asiye Mwislamu mji utaangamia. Kwa ajili hiyo hakuna Mzungu aliyekuwa ameingia akatoka kusimulia.

Safari yake ina sehemu mbili, na usipozitenga hutakielewa kitabu. Sehemu ya kwanza ni Zayla, bandari ya Wasomali, alipokaa karibu mwezi mzima mwishoni mwa mwaka 1854. Hapo alikuwa amevaa Kiarabu, akiitwa Haji, akisali Ijumaa na watu na kuzungumza nao mambo ya dini. Gavana wa mji, Al-Haji Sharmarke, alimkirimu. Sehemu ya pili ni Harar. Alipoukaribia mji, watu wakaitazama rangi yake wakamdhania Mturuki, na Mturuki alikuwa akichukiwa huko kuliko Mwingereza. Burton akaona heri aingie kwa sura yake, kama Mwingereza. Lakini mkono uliozoea haukuacha. Akakaa akaandika barua, akaifanya kuwa imetoka kwa mwakilishi wa Waingereza wa Aden kwenda kwa Amir wa Harar, akaichukua yeye mwenyewe. Uso ulikuwa wa kweli, na barua ya uwongo.

Aliingia tarehe 3 Januari 1855. Hapa, msomaji, lazima nikiri kwamba kurasa hizi ni nzuri mno. Mwalimu aliposoma jinsi Burton alivyosubirishwa langoni, alivyoambiwa apite ua kwa mbio akakataa akatembea, alivyokataa kutoa silaha yake, kisha akasukumwa ndani mbele ya Amir Ahmad bin Abi Bakr, barazani palikuwa kimya hata ukasikia chura mpungani. Tulikuwa tukingoja upanga. Na Amir akafanya nini? Akanyoosha mkono. Burton akauinamia, wala hakuubusu. Akasema ametoka Aden na salamu. Amir akatabasamu. Mgeni akapewa nyumba, na chakula kikatoka jikoni kwa Amir mwenyewe. Akakaa siku kumi, akaonana na waziri na wanavyuoni, akauona msikiti wa Ijumaa wenye minara miwili, kisha akapewa majibu ya barua yake, akaondoka salama na watu wake.

Basi kitabu chamshuhudilia Amir dhidi ya mwandishi. Kurasa mamia zimepita akituambia kwamba Harar ni tundu la simba, kwamba watu wake ni wakali na washupavu wa dini wasiosikia neno. Alipofika, akiwa Mkristo waziwazi, Mwingereza asiyejificha, walimlisha. Nilingoja mwandishi aseme, walau kwa mstari mmoja, kwamba alidhani vibaya. Sikuusikia mstari huo. Aliendelea kuwasema watu wa Harar kwa ubaya, sura zao, sauti zao na tabia zao, kama kwamba chakula alichokula kilitoka mbinguni. Ukali wa mfungwa kwa bwana jela waweza kueleweka. Ukali wa mgeni kwa mwenyeji aliyemlaza ni aibu, na kitabu kizima kina aibu hiyo.

Na kuna jambo dogo lililoniuma kuliko hilo. Katika msafara walikuwamo wanawake wawili wapishi. Burton akawaita kwa majina ya dada wawili wa hadithi za Alfu Lela. Alikuwamo mtu wa chuo, akampa jina la Mwisho wa Zamani, akawa anamcheka njia nzima kwa woga wake na methali zake. Utani si haramu, nasi twataniana. Lakini mtani husimama mbele yako ukamjibu. Hawa walitaniwa London, kwa lugha wasiyoijua, na watu waliolipa fedha ili wacheke.

Nimpe haki yake pia, kwa sababu Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusiache uadilifu hata kwa tunaowachukia. Burton alikuwa msomaji wa kweli. Lugha alizisoma kwa jasho. Mwisho wa kitabu ameweka sarufi na maneno ya Kiharari, aliyoyakusanya kwa siku kumi tu. Nilimwuliza mwalimu, sisi tuliokaa miaka huku kwa Wandamba na Wapogoro, nani katika walimu wetu wa pwani ameandika hata kurasa kumi za maneno yao? Hakunijibu, wala mimi sikuwa na la kumjibu. Nimekaa Chita umri mzima na watoto wa chuoni ndio wanaonifasiria kwa bibi zao.

Turudi kwenye ubao. Mwalimu wangu alikuwa na hoja, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema, "Maalim, Burton alikwenda kwa idhini ya wakubwa wake wa Kampuni. Alihesabu milango, ukuta na bunduki. Miaka thelathini baadaye Waingereza walikuwa wameshika pwani ya Wasomali. Watu wa Harar waliogopa bure?" Hawakuogopa bure. Mtu anayefunga mlango wake kwa kuwa amesikia nyumba ya jirani imevunjwa si mpumbavu. Hilo twalikubali.

Lakini tazama mji ulivyoanguka. Waliouteka Harar mwaka 1875 ni jeshi la Misri, Waislamu kama wao, wenye kuelekea kibla kile kile, na Amir wa wakati huo akauawa. Wamisri wakaondoka mwaka 1885, na Januari 1887 akaja Menelik na majeshi yake akauchukua. Ukuta ulikuwapo siku zote hizo. Utabiri ulimwangalia mtu mmoja mwenye daftari, na waliokuja ni watu wenye mizinga, na wa kwanza wao alikuwa akijua kuitikia salamu.

Na sharia je? Harar si Makka. Aya ya 28 ya Sura Tawba imeusema Msikiti Mtakatifu wa Makka, na kwetu sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, Haramu ya Makka ndiyo iliyofungwa. Misikiti mingine, asiye Mwislamu huingia akipewa idhini na Mwislamu. Wamaliki wamekaza zaidi, Wahanafi wamelegeza zaidi, na wote ni maimamu wetu. Wajumbe wa Thaqif walipokewa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) kabla hawajasilimu. Thumama bin Uthal alipotekwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti huo huo, siku tatu anawatazama Waislamu wanavyosali na wanavyoishi. Alipofunguliwa alikwenda akaoga, akarudi akasilimu. Lau Masahaba wangekuwa na ubao kama wetu, Thumama angefungwa wapi?

Neno zima liko kwenye idhini. Sura Nur, aya ya 27 na ya 28, zatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa rudini, turudi. Sisi Waswahili twaliita jambo hili hodi, na mtoto wa miaka mitano alijua. Sasa hodi ni nini? Hodi ni mtu kusema mimi ni fulani, niko mlangoni, shauri ni lenu. Anayejiita Haji hali si Haji hakupiga hodi, ameiba idhini. Watu wa Zayla waliposimama naye safu moja hawakumkaribisha Burton, walimkaribisha mtu asiyekuwapo. Na Amir wa Harar alipoipokea ile barua alimkaribisha mjumbe wa mtu ambaye hakumtuma.

Waweza kusema, msomaji, kwamba bila hila asingeingia. Basi asiingie. Ninyi wenyewe fikirini: Mwislamu wa hapa kwetu aende kanisani Ifakara, apige magoti, apokee komunyo mkononi mwa padre, kisha arudi aandike kitabu cha kuwachekesha watu juu ya kanisa lile. Je, tungemwita msafiri shujaa? Mimi ningeona haya kupita mbele ya yule mtawa aliyekigeuza kitanda changu.

Tena tunaye wa kumlinganisha naye, katika nchi ile ile ya Habash. Ja'far bin Abi Talib na wenzake walikuwa Waislamu katika mji wa Wakristo, wanyonge, na wajumbe wa Makureshi wamefika na zawadi ili warudishwe. Walipoitwa mbele ya Najashi na kuulizwa wasemaje juu ya Isa mwana wa Maryam, neno la hila lingewafaa. Nusu ya neno ingetosha. Ja'far alikuwa amesoma mbele yao kutoka Sura Maryam, na alipoulizwa alisema yale yale aliyofundishwa na Mtume wake, kwamba Isa ni mja wa Mungu na mtume wake. Maaskofu wakaguna, na Najashi hakuwatoa wageni wake. Sisi tunaisoma habari hii kila mwaka, na hodari wetu wa kuisoma ndiye aliyependekeza ule ubao. Simtaji.

Burton mwenyewe alikuja kwetu baadaye. Alifika Unguja Desemba 1856, na Juni 1857 akaingia bara pamoja na Speke, Said bin Salim akiwa mkuu wa msafara. Safari hii hakujigeuza. Kule Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Mwarabu Snay bin Amir alimpokea akijua kabisa kuwa ni Mkristo, akamsaidia kwa mali na kwa maarifa, na katika kitabu chake cha 1860 Burton amemshukuru kwa maneno ya heshima. Nikamwambia mwalimu, tazama, mtu yule yule. Alipokula kwa jina lake aliweza kushukuru. Alipokula kwa jina la uwongo ilimbidi amdharau aliyemlisha, kwa maana vipi utamheshimu mtu ambaye umekwisha kumfanya mjinga?

Leo Harar imefunguka. Mwaka 2006 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia, misikiti yake themanini na miwili ikahesabiwa, na wageni wa kila dini hupita vichochoro vyake wakaonyeshwa ukuta, na usiku wakaonyeshwa fisi wanavyolishwa. Lamu nayo wakati wa Maulidi hujaa watu wasiojua hata Fatiha. Baadhi yao wana adabu kutushinda. Wengine huingia kama yule kijana wetu, miguu na tope lake. Kwa mtu kama huyu sina hasira ya Burton. Huyu hakudanganya mtu. Hakujua tu, na hatukuwa tumemfundisha, kwa sababu mlangoni hapakuwa na mtu.

Asubuhi ya pili niliichukua simu kwa mkono wangu nikaipeleka alikolala. Nikamweleza kwa mkalimani picha ile ni ya nini na kwa nini imetuudhi. Akaifuta mbele yangu, uso umemwiva. Nikamwomba radhi kwa kofi, kwa kuwa aliyelipiga hakukubali kufuatana nami. Wazee niliwapa neno langu: ubao uandikwe, lakini useme vua viatu, omba ruhusa, na Alasiri awepo mtu wa kuitikia. Wawili wamekubali. Watatu wamesema shehe amezeeka. Rangi imekaukia koponi.

Kitabu tulikimaliza usiku wa Alhamisi. Sura ya mwisho ni ya Berbera, Aprili 1855, Burton amerudi pwani na wenzake watatu, wakavamiwa kambini usiku. Mkuki ukamwingia Burton shavu hili ukatokea shavu la pili. Aliposoma hapo mwalimu, watu wakacheka barazani, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mjukuu wa dada yangu, yule mwenye kofi. Akasema, "Amekoma!" Nikamwambia mwalimu asome, asiache. Akasoma jinsi Speke alivyofungwa na kuchomwa akiwa hana silaha, akaponea chupuchupu. Akasoma kwamba wa nne wao, Luteni Stroyan, aliuawa usiku ule ule.

Kicheko kikapungua. Kijana akauliza, "Huyo aliyeuawa, naye aliingia Harar?"

Mwalimu akarudisha kurasa nyuma, akatafuta kwa kidole. "Hakuingia," akasema. "Alibaki pwani akiwangoja wenzake."